Ukurasa wa 92: Kumtafuta Audrey Stevens

Vitabu vya biokemia vina sentensi moja ninayoitilia shaka. Husema kwamba polimerasi ya RNA, kimeng'enya kinachonakili jeni, iligunduliwa mwaka 1960 na maabara nne za Marekani, kila moja ikifanya kazi kivyake. Hapo hutajwa Samuel Weiss, Jerard Hurwitz, Audrey Stevens na James Bonner, kisha kitabu huendelea na mambo mengine. Baadhi ya vitabu hupunguza majina yakabaki mawili. Sentensi ni safi mno. Watu wanne hawaoni kitu kimoja kwa wakati mmoja na kwa maana moja. Basi nani aliona nini, na lini?

Niliamua kumfuata mmoja wao, Stevens. Makala ya Weiss ilitiwa saini na watu wawili. Ya Hurwitz ina watatu, na ya maabara ya Bonner watatu vilevile. Ya Stevens ina jina lake peke yake. Miaka ile wanawake walioongoza utafiti wao wenyewe katika fani hiyo walikuwa wachache sana, naye hakuwa hata ametimiza miaka 30. Mtu anayefika peke yake kwenye jambo zito namna hiyo alitokea wapi, na baadaye akaelekea wapi?

Njia ya kwanza ilifunga upesi. Stevens ni jina la kawaida Marekani, na majarida ya zamani yalizoea kuandika herufi ya kwanza tu ya jina la mtu. Ukitafuta "A. Stevens" unamwagiwa watu wa kila fani, waliokufa na walio hai. Nikaliacha jina, nikafuata kitu chenyewe: RNA. Palipokuwa na RNA na bakteria wa E. coli, na miaka ya baadaye RNA na hamira, A. Stevens alijitokeza tena, akiandika peke yake au na wenzake wachache. Uzi huo ulinirudisha nyuma hadi kwenye mafunzo yake. Nani alimfundisha kuishika RNA?

Alizaliwa mwaka 1932 Leigh, mji mdogo wa Nebraska, katika nyanda za mahindi na ng'ombe. Alisoma kemia Iowa, akapata shahada ya uzamivu Cleveland, kisha akaenda Bethesda, Maryland, kwenye taasisi za afya za serikali ya Marekani, katika maabara ya Leon Heppel. Hapo nilisimama. Maabara ya Heppel ilijulikana kwa jambo moja hasa: kuikata RNA kwa vimeng'enya na kusoma vipande vyake. Tena ilikuwa imeshirikiana kwa karibu na kundi la New York lililokuwa likisifiwa dunia nzima kwa kutengeneza RNA ndani ya chupa. Kwa hiyo Stevens hakuwa mgeni aliyeokota bahati njiani. Alikuwa ndani ya nyumba ya watu walioijua habari rasmi ya RNA kuliko wengine wote. Kwa nini basi hakuridhika na habari hiyo?

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Mwaka 1955 Marianne Grunberg-Manago na Severo Ochoa, katika Chuo Kikuu cha New York, walieleza kimeng'enya walichokipata kwa bakteria aitwaye Azotobacter vinelandii. Ukikipa nyukleotidi zenye fosfati mbili, kiliziunganisha zikawa uzi wa RNA. Hakuna aliyewahi kufanya hivyo nje ya seli. Ulimwengu wa sayansi ulishangilia, na ulistahili kushangilia. Mwaka 1959 Ochoa alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Arthur Kornberg, aliyepata kimeng'enya kinachounda DNA. Lakini kimeng'enya cha 1955 kilikuwa na tabia moja iliyosumbua. Hakikuhitaji DNA kabisa. Mpangilio wa uzi ulitegemea tu ni nyukleotidi zipi zimewekwa chupani na kwa kiasi gani. Seli huishi kwa maagizo yaliyoandikwa katika jeni zake. Ingewezaje kupata nakala za maagizo hayo kwa mwandishi asiyesoma?

Jibu la nusu lilikuwa limeshawekwa mezani na Kornberg. Kimeng'enya chake cha DNA hakikutaka nyukleotidi za fosfati mbili. Kilitaka za fosfati tatu, tena za aina zote nne, na kilitaka DNA ya kuwa kiolezo. Mtu mwenye akili tulivu angeweza kujiuliza kama RNA nayo haiundwi kwa kanuni hiyohiyo. Swali hilo halikumilikiwa na maabara moja. Lilikuwa hewani. Nani basi alilijaribu kwanza?

Kwa tarehe za uchapishaji, jibu ni rahisi: Weiss. Mwaka 1959, Chicago, yeye na Leonard Gladstone waliripoti kwamba viini vya seli za ini la panya huingiza nyukleotidi yenye fosfati tatu ndani ya RNA. Makala ni fupi. Hapo wengine hufunga faili. Mimi sikuifunga, kwa sababu viini vya ini ni mchanganyiko mzito, na kimeng'enya kilichozama humo hakijatenganishwa na chochote. Weiss aliona kazi ikifanyika, na hilo si dogo. Je, kuona kazi ikifanyika ni sawa na kumpata mfanyakazi?

Nikafungua juzuu ya 3 ya jarida Biochemical and Biophysical Research Communications, iliyoanza Julai 1960. Jarida lilikuwa changa, lilianza mwaka uliotangulia, na lengo lake lilikuwa kuchapisha haraka. Kwenye ukurasa wa 15 yuko Hurwitz na wenzake. Kwenye ukurasa wa 92, katika juzuu hiyohiyo, yuko Stevens. Kurasa chache tu kila mmoja. Wote wawili wanazungumzia vimiminika vilivyotolewa kwenye seli za E. coli. Baadaye, katika juzuu hiyohiyo, inafuata ripoti ya Ru-Chih Huang, Maheshwari na Bonner kutoka California, waliofanya kazi na mche wa njegere. Panya, bakteria, njegere: hapo nilianza kuelewa kwa nini vitabu husema "kwa wakati mmoja". Lakini je, makala ya ukurasa wa 15 na ile ya ukurasa wa 92 zinasema jambo lilelile?

Hazisemi sawasawa. Kichwa cha Hurwitz kinataja DNA wazi: kinahusu uingizaji wa nyukleotidi katika uzi wa RNA na athari ya DNA juu yake. Kichwa cha Stevens kinataja adenini, RNA na seli za E. coli B, wala DNA haimo. Mtu anayetaka mshindi angeishia hapo. Angesema Hurwitz aliona kiolezo, Stevens aliona ujenzi tu. Nami nilisita, kwa sababu kichwa cha makala si makala, na makala moja si kazi yote ya mtu. Alifanya nini mwaka uliofuata?

Mwaka 1961 Stevens alichapisha ripoti nyingine, safari hii katika Journal of Biological Chemistry, na humo DNA imepata nafasi yake. Alionyesha kwamba RNA iliyoundwa chupani ilikuwa na uwiano wa nyukleotidi unaolingana na ule wa DNA. Huu ni ushahidi wa uzito mwingine. Kuonyesha kwamba DNA inahitajika ni hatua moja. DNA ingeweza kuhitajika kwa sababu nyingi zisizohusiana na kusomwa. Kuonyesha kwamba bidhaa inafanana na DNA ni kumkuta mwandishi akiwa na kitabu wazi mbele yake. Mwaka 1962 Michael Chamberlin na Paul Berg wa Stanford walikisafisha kimeng'enya cha E. coli kwa kiwango ambacho maabara nyingine zingeweza kukitumia, na mabishano juu ya kuwapo kwake yakakoma. Nani basi ni mgunduzi: aliyeona kazi, aliyeona kiolezo, aliyelinganisha nakala na asili, au aliyekitenga kimeng'enya?

Hukumu yangu ni kwamba swali la nani wa kwanza linaipunguza habari hii. Ushahidi ulijengwa vipande vipande, na hakuna makala moja kati ya hizo inayosimama bila nyingine. Tena wakati ulikuwa wa ajabu. Katika majira ya kuchipua ya 1960, huko Cambridge, Uingereza, wataalamu wa jeni walikuwa wakifikia wazo la RNA mjumbe, nakala ya muda inayobeba maagizo kutoka kwenye jeni hadi mahali protini zinapoundwa. Ushahidi wa wazo hilo ulichapishwa mwaka 1961. Kwa maneno mengine, watu wa vimeng'enya walimpata mwandishi katika miezi ileile ambayo watu wa jeni walikuwa wakihisi kwamba lazima barua ziwepo. Mkutano wa namna hiyo hautokei mara mbili katika kizazi kimoja. Mbona basi umma unaukumbuka kidogo hivi?

Nimekutana na maelezo mawili. La kwanza linasema tuzo ya RNA ilikuwa imeshatolewa. Lina mantiki: kuunda RNA kulituzwa mwaka 1959, na kimeng'enya halisi cha unakili kikaripotiwa kwa nguvu mwaka uliofuata. Ila isisemwe kwamba tuzo ile ilikwenda kwa jambo tupu. Kimeng'enya cha 1955 ndicho kilichotumika kutengeneza RNA ya herufi moja inayojirudia, na kwa RNA hiyo Marshall Nirenberg na Heinrich Matthaei walisoma neno la kwanza la msimbo wa jeni mwaka 1961. Leo tunajua kwamba ndani ya bakteria kazi yake kubwa ni kuivunja RNA. Chupani kilijenga, ndani ya seli hubomoa. Unakili wa jeni ulikuja kupata Nobel yake mwaka 2006, kwa Roger Kornberg, mtoto wa Arthur, aliyeonyesha umbo la kimeng'enya kikiwa kazini. Je, maelezo ya pili yana uzito zaidi?

La pili linasema Stevens alisahauliwa kwa sababu alikuwa mwanamke. Nililipokea kwa uzito, na bado nalipa nafasi. Lakini rekodi hairuhusu kulimeza zima. Weiss na Hurwitz hawakupata Nobel kwa ugunduzi huo. Wenzake wa fani walimtaja Stevens katika mapitio ya miaka iliyofuata. Akademia ya Taifa ya Sayansi ya Marekani ilimchagua kuwa mwanachama mwaka 1998. Lakini kutoka 1960 hadi 1998 ni miaka 38, na miaka hiyo nayo ni ushahidi wa aina yake. Muda wote huo alikuwa akifanya nini?

Mwaka 1966, baada ya kufundisha vyuoni kwa miaka michache, alihamia Oak Ridge, Tennessee. Mji huo ulijengwa wakati wa Vita Kuu ya Pili ili kurutubisha urani kwa ajili ya bomu la atomiki. Kitengo cha biolojia kilikaa ndani ya Y-12, kiwanda kilekile kilichotenga urani ya bomu lililoangushwa Hiroshima. Humo humo watu walikuwa wakichunguza panya, hamira, jeni na uhai wenyewe. Sijui msomaji ataipokeaje picha hiyo, mimi imenikaa. Stevens alibaki Oak Ridge hadi mwisho wa kazi yake. Mtu aliyekwisha kumpata mwandishi wa jeni angetafuta nini tena huko?

Alitafuta jinsi mwandishi anavyotekwa. Virusi viitwavyo T4 hushambulia E. coli, na vikishaingia bakteria huacha kunakili jeni zake na kuanza kunakili za virusi. Virusi hivyo havina polimerasi yao. Vinaiteka ya mwenyeji. Mwaka 1972 Stevens alieleza protini ndogo ngeni zilizonasa kwenye polimerasi ya bakteria baada ya T4 kuingia. Mwaka 1973 akaripoti kizuizi kinachosafishwa pamoja na polimerasi hiyo na kudhoofisha kazi ya sigma, ile sehemu inayokielekeza kimeng'enya mahali pa kuanzia. Wakati ule jambo hili lilionekana dogo, mambo ya wataalamu wa virusi vya bakteria peke yao. Baadaye protini za namna hiyo zilipata jina na tawi zima la utafiti. Lakini mwandishi wa bakteria, yule wa ukurasa wa 92, aligusa lini maisha ya watu wa kawaida?

Aliyagusa, tena hapa kwetu. Mwaka 1957 maabara moja ya Milan ilipata kwenye udongo wa pwani ya kusini mwa Ufaransa bakteria anayetoa sumu dhidi ya bakteria wengine. Kutokana na sumu hiyo ikatengenezwa rifampisini. Mwaka 1967 ilionyeshwa dawa hii inapopiga: polimerasi ya RNA ya bakteria. Ya binadamu ina umbo tofauti, kwa hiyo mgonjwa hupona na bakteria hufa. Mwaka 1970 jaribio kubwa la dawa hii lilianza katika hospitali za Afrika Mashariki na Zambia. Kabla ya hapo mgonjwa wa kifua kikuu alitibiwa kwa mwaka mmoja na nusu. Jaribio lilionyesha kwamba ukiongeza rifampisini kwenye streptomaisini na isoniazidi, miezi sita inatosha, na wanaorudiwa na ugonjwa ni wachache sana. Sidai kwamba Stevens alitengeneza dawa hiyo. Nadai kwamba bila kazi ya 1960 hadi 1962 hakuna ambaye angeweza kueleza inaua vipi. Ikiwa mlango huo ulikuwa wazi namna hii, kwa nini Stevens mwenyewe aliiacha polimerasi nyuma?

Hapa njia inapinda ghafla, na nilipoteza muda mrefu nikidhani nyaraka zimechanganya watu wawili wenye jina moja. Mwaka 1978, katika jarida lilelile la ukurasa wa 92, A. Stevens anaandika kuhusu hamira. Habari si tena ya kuunda RNA, ni ya kuila. Ni kimeng'enya kinachoishika RNA mwanzoni na kuitafuna nyukleotidi moja moja hadi mwisho. Anwani ni Oak Ridge. Ni yeye. RNA mjumbe ya hamira, kama ya binadamu, ina kofia ya kemikali mwanzoni mwake, na kimeng'enya hiki hushindwa kuanza ikiwa kofia ipo. Mwaka 1980 akaeleza kimeng'enya kingine kinachoivua kofia hiyo. Ni kama mlaji wa muwa: kwanza humenya, ndipo hutafuna kuelekea mbele. Je, hii ilikuwa kazi ya mtu aliyechoka na swali lake la kwanza, au ni swali lilelile lililogeuzwa?

Mimi nashikilia kwamba ni lilelile. Nakala ya jeni ina maana kwa sababu haidumu. Ikiwa RNA mjumbe isingefutwa, seli ingeendelea kutii maagizo ya jana, na kunakili upya kusingebadilisha chochote. Kiasi cha nakala iliyopo ndani ya seli ni tofauti kati ya kuandikwa na kufutwa. Stevens alikuwa ameshika upande mmoja wa hesabu hiyo kwa karibu miaka 20. Akachukua upande wa pili. Je, wenzake walimwona akifanya hivyo?

Hapo nilikuta kitu ambacho sikukitarajia. Mwaka 1990 Frank Larimer na Stevens walieleza jeni ya kimeng'enya hicho cha hamira, XRN1. Lakini jeni hiyo ilikuwa ikipatikana pia katika maabara nyingine, kila moja ikitafuta jambo tofauti. Waliochunguza muungano wa viini vya seli waliiita KEM1. Waliochunguza ubadilishanaji wa nyuzi za DNA waliiita SEP1, wengine DST2. Na kuna walioiita RAR5. Jeni moja, majina matano. Mwaka 1960 maabara nne zilikuwa zikimtafuta mfanyakazi mmoja na wote wakamtambua kwa kazi yake. Safari hii kila mmoja alimkuta mfanyakazi yuleyule na kudhani kazi yake ni nyingine. Ipi ilikuwa kazi yake halisi?

Ushahidi uliokata mzizi wa mabishano hayo, kwa maoni yangu, ulitoka mwaka 1993. Stevens na C. L. Hsu walichukua hamira isiyo na XRN1 wakaangalia nini hurundikana. Walikuta RNA mjumbe nyingi zilizopoteza mkia wa mwishoni, na sehemu yake hazina kofia. Yaani RNA zilikuwa zimemenywa na kuachwa, mlaji hayupo. Kilichokuwa kimeonekana chupani tangu 1978 sasa kilionekana ndani ya seli hai. Mwaka uliofuata maabara nyingine zilifunga mnyororo mzima wa hatua: mkia hufupishwa, kofia huvuliwa, Xrn1 hutafuna. Baada ya hapo Xrn1 ilianza kuonekana kila mahali, hata katika ugonjwa wa dengue, ambao watu wa Dar es Salaam waliuonja vikali mwaka 2014 na 2019. RNA ya virusi hivyo ina mkunjo mgumu unaoikwamisha Xrn1 njiani, na kipande kinachosalia huvisaidia virusi kuishinda kinga ya mwili. Je, pande mbili za maisha ya Stevens zilibaki mbalimbali hadi mwisho?

Alifariki mwaka 2010. Nilidhani uzi unaishia hapo. Mwaka 2013 makundi mawili, moja la Haifa na jingine la Munich, yaliripoti kila moja kwamba katika hamira kufutwa kwa RNA na kunakiliwa kwa jeni kumefungwa pamoja, na kwamba kiungo ni Xrn1. Kimeng'enya kinachofuta nakala kinagusa pia uandikaji wake. Sikumwona mtu yeyote akiutabiri muungano huo katika makala za 1978 au 1980. Lakini makundi hayo hayakuafikiana. La Haifa lilisema Xrn1 huingia ndani ya kiini cha seli, hukaa karibu na mahali unakili unapoanzia, na huusukuma. La Munich lilisema Xrn1 ndiyo inayoiwezesha seli kulinganisha kuandikwa na kufutwa, likapendekeza njia ya mzunguko inayopitia protini nyingine ya kuzuia unakili. Je, Xrn1 huigusa jeni yenyewe, au huuachia unakili kwa kuifuta nakala ya yule anayeuzuia?